Natafuta stoo ya kuweka vyombo vya nyumba nzima miezi minane hivi, niangalie nini?

Bint Mkunazini

Asalaam alaykum jamani. Naomba mnisaidie kabla sijafanya kosa. Nyumba yetu iko Mkunazini, Mji Mkongwe hapa Unguja, uchochoroni ndani ndani huko, ya marehemu bibi, na sasa hatuna budi kutoka. Boriti za juu zimeoza, chokaa inamwagika kama unga, na ukuta wa upande wa uchochoro umefanya tumbo. Tokea upande wa Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, uporomoke ile Disemba 25, 2020 mama kila akisikia kishindo yuko mlangoni na mtandio mkononi. Fundi kasema miezi sita, mie miezi sita ya fundi naijua, ni minane, na hapo hujahesabu kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe maana kwetu sie hata dirisha hulibadilishi kienyeji.

Sie wenyewe tunakwenda kwa kaka Kiembesamaki, vyumba viwili watu sita, hakuna pa kuweka hata ndoo. Vyombo vyenyewe ni samadari ya bibi (kile kitanda cha zamani), masanduku mawili yale ya misumari ya shaba, kabati la vioo, makochi, friji, friza la mama la biashara ya malai, cherehani, masufuria ya shughuli makubwa makubwa, mazulia, magodoro, na vitabu vya baba ambavyo peke yake ni rikwama mbili, mikokoteni miwili mizima (alisomesha skuli miaka thalathini na hajatupa hata daftari).

Mpaka sasa nshaangalia pahala patatu. Kuna uwanja Fuoni una makontena kama kumi ya kukodisha, ukuta upo, mlinzi usiku, wanataka laki na themanini kwa mwezi kontena la futi 20. Kuna chumba cha chini nyumba ya mtu Mwanakwerekwe, mlango wa chuma, elfu themanini. Halafu mjomba Bububu ana banda la uani, bure. Mama anasema bure ni bure, twende kwa mjomba. Shoga yangu aliyekaa Dar anasema kule zipo stoo maalum, unapewa kichumba chako na ufunguo wako unaingia na kutoka unavyotaka, mie hapa hasa ya namna hiyo sijaiona.

Sasa mtu akienda kuangalia stoo anaangalia nini? Maana mie nilikwenda Fuoni nikatazama kufuli, nikatazama mlinzi, nikasema mashaallah, nikaondoka. Nahisi kuna mambo sikuyaona.

Mtoto wa Jang'ombe

Waalaykum salaam. Mwanakwerekwe sehemu gani? Kama ni kule bondeni karibu na linapojaa lile ziwa usiweke hata kijiko. Masika yakishika, mwezi wa nne wa tano hivi, barabara yenyewe inakuwa bahari, watu wanavuka na suruali mabegani. Kaangalie ukuta wa hicho chumba. Ukiona rangi mpya imepigwa kutoka chini mpaka usawa wa kiuno tu na juu ni ya zamani, basi hapo maji yashafika na mwenyewe kaficha mstari. Na usimuulize yeye, muulize muuza duka wa mbele. Yeye hana cha kupata wala kupoteza.

Mama Pacha

Shoga usiende kwa mjomba!!! Nakwambia kwa uchungu. Sie tulipokwenda Muscat miaka miwili tuliacha vyombo kwa jamaa zetu, sisemi nani, wamo humu. Bure. Mwezi wa kwanza nikapigiwa simu, "twaomba friji tu maana letu limekufa." Nikasema chukueni. Mwezi wa tatu kuna arusi, viti na mazulia vikatoka, mazulia yakarudi na mchuzi. Halafu kijana wao akaoa akapewa kitanda changu alale "kwa muda". Narudi, kitanda kina mtoto juu yake. Utamtoa mtoto wa watu kitandani? Nimenunua kingine. Na kusema siwezi, kwa sababu sikulipa hata senti, nitasema nini?

Mtu unaemlipa unaweza kumgombeza, wa bure huwezi, ukimgombeza ndo umevunja udugu.

Bint Mkunazini

@Mama Pacha nimecheka halafu nikaogopa, maana wa kwetu ana mtoto anaoa mwezi wa Shaaban.

Fundi Chuma

Dada, mie ni fundi wa kuchomea, makontena nimeyakata sana kufanya maduka na stoo, kwa hiyo nikupe ya kontena tu, vyengine wataongeza wengine. Itakuwa ndefu, stahamili.

La mwanzo, nenda mchana wa jua kali. Muambie akufungulie, ingia ndani, halafu afunge milango yote miwili wewe ukiwa ndani na mwenzako nje asiondoke. Kaa dakika mbili macho yazoee kiza. Tazama juu, tazama pembe, tazama chini kwenye mbao. Popote unapoona nyota ya mwanga, hapo mvua inaingia, na panapoingia mvua ukubwa wa sindano ndani ya masika moja pashaharibu godoro. Haya makontena yanayouzwa kwetu ni mastaafu, yashazunguka bahari miaka na miaka, chumvi ishayala. Akikwambia "tumepaka rangi mpya" rangi haizibi tundu, inalificha. Gonga kwa kifundo cha kidole pale chini panapokutana ukuta na sakafu, likilia kama bati la biskuti basi kutu ishamaliza kazi. Na ile mipira ya milangoni iguse kwa mkono, ikiwa imekauka na kupasuka ni kama mlango hauna kitu.

La pili ni jasho. Hili watu hawalijui kabisa. Kontena likiwa zima halina tundu hata moja bado linarowesha vitu. Mchana bati linapata moto, hewa ya ndani inavuta maji kutoka kwenye mbao, godoro, makaratasi, usiku bati linapoa, yale maji yanajikusanya darini na kudondoka. Mabaharia wanaijua hii, wanaiita mvua ya kontena. Mimi mwenyewe nilifunga kontena la mteja mwezi wa tano, vitu vyake vilikuwa na ubaridi ubaridi kidogo tu, tukalifungua mwezi wa tisa, makochi yamefanya manyoya ya kijani, kiatu cha ngozi kimekuwa kama mkate uliovunda. Mwizi hakuingia hata mmoja. Kwa hiyo uliza kontena lina matundu ya hewa juu pande zote mbili? Yale madogo ya kiwandani hayatoshi. Na lina kivuli? Uwanja mwengine wenyewe wana akili wameezeka paa la makuti au bati juu ya makontena na kuacha nafasi ya hewa kati, hilo peke yake ni nusu ya kazi. Kama halina, na limepakwa rangi ya buluu iliyokoza, ndani mchana ni joko.

La tatu ndo la wizi, na hapa nataka usome taratibu. Watu wote wanatazama kufuli. Mwizi hatazami kufuli, anatazama kile kipande kinachoshika kufuli. Kwenye milango ya kontena zile fito za kufungia na mkono wake zimeshikwa kwa nati. Mwizi mjanja anakuja na spana, anafungua nati, mkono unatoka na kufuli lako likiwa limening'inia zima, anachukua anachotaka, anarudishia nati anakwenda zake. Wewe unakuja baada ya miezi mitatu unakuta kufuli lako salama salimini, unafungua, hamna TV, unaanza kumshuku mlinzi maskini. Tazama hizo nati zimechomewa moto zisifunguke? Kama hazikuchomewa muambie achome au mimi nakuja kukuchomea, kazi ya nusu saa. Na pawe na kiboksi cha chuma kilichochomewa mlango wa kulia, kufuli linaingia ndani yake, unaingiza mkono kutoka chini, mkasi wa kukatia hauingii.

Kufuli nunua mwenyewe. Hata kama wanakupa. Kufuli lililokuja na funguo tatu ukapewa mbili, ya tatu iko wapi? Nunua la shaba au lile lisiloshika kutu, mwili wa mviringo, shingo fupi. Haya ya kung'aa ya bei rahisi kwa chumvi yetu mwezi wa pili ufunguo hauingii. Tia mafuta ya cherehani kila unapokwenda.

Na unuse. Bila utani. Ingia unuse. Kama kontena lilibeba ngozi au dagaa au dawa za kilimo, harufu ile itaingia godoroni na hamtalala juu yake tena.

Futi 20 kwa vyombo ulivyotaja inatosha na itabaki nafasi, ndani ni kama mita sita kwenda na mbili na robo tatu upana hivi, samahani, mbili na theluthi, muhimu usijaze mpaka ukutani.

Kariakoo ya Unguja

Hiyo samadari ni ya mti gani? Ina vioo vya rangi kichwani? Kama mnauza naomba picha inbox.

Bint Mkunazini

Haiuzwi 😂 bibi atatoka kaburini.

Ami wa Leicester

Assalaam alaykum binti yangu. Mimi niko huku Uingereza mwaka wa kumi na tisa sasa, hizi stoo alizokwambia shoga yako huku zimejaa, na mie nimekodi mara mbili, kwa hiyo nikwambie zinavyokwenda ili hata hapo Fuoni ujue cha kudai.

Mambo haya yalianzia Marekani miaka ya 1960, huku Ulaya yakaja baadae. Unakodi kichumba kwa futi za mraba, 25, 50, 100, kufuli ni lako na ufunguo ni wako peke yako, wao hawana. Geti unafungua kwa namba yako, kwa hiyo kompyuta yao inajua nani kaingia saa ngapi. Hilo ndo la kuiga: pale Fuoni waulize kama kuna daftari getini. Kila anaeingia anaandikwa jina, namba ya kontena, saa? Au mlinzi anamjua kila mtu kwa sura? Mlinzi anaejua watu kwa sura ni mzuri mpaka siku anayopewa likizo.

Bima huku ni lazima, hawakuruhusu kuingiza kitu bila bima, ya kwao au uthibitishe una ya kwako. Sasa wengi kwetu tunadhani mwenye stoo ndie anaedhamini mali. Siye! Yeye anakukodisha nafasi tu. Ikiungua ni msiba wako. Nenda kwa Shirika la Bima la Zanzibar au kampuni yoyote ya bima, uwaulize swali moja, mali yangu ikiwa kwenye stoo ya mtu mwengine mnaibima? na moto, na maji, na wizi, vyote au kimoja? Wakupe jibu kwa maandishi.

Jengine, huku usipolipa wanauza vitu vyako, imo kwenye mkataba, maandishi madogo. Na bei ya mwanzo tamu, ikishafika miezi mitatu wanapandisha wakijua huwezi kuhama na makochi kila mwezi. Kwa hiyo laki na themanini hiyo ifunge kwa miezi yote minane, iandikwe.

Na vitu visivyoruhusiwa humo wenyewe wanakwambia, chakula, petroli, mitungi ya gesi, wanyama. Tunaona kama wanatubana lakini fikiria jirani yako kaweka gunia la unga, panya wakimaliza la kwake watakuja kwenye magodoro yako. Uliza jirani zako kwenye hayo makontena wanaweka nini.

Mtoto wa Jang'ombe

Hili la jirani ami umesema kweli, uwanja mmoja nnaoujua mie kontena la mwanzo ni vyombo, la pili ni dumu za petroli za mashine za boti 🙆🏾‍♂️

Mpemba wa Wete

Niongeze la huku kwetu. Marehemu baba alikuwa mtunza ghala la karafuu na mie nimekulia humo. Karafuu ni mali ya taabu kuhifadhi kuliko makochi, ikilala na unyevu inavunda inakuwa mpeta, bei imekwisha. Kwa hiyo wazee walikuwa na mambo yao na hakuna hata moja la gharama.

Gunia halilali chini. Mbao kwanza, au mapaleti, mkono upite chini yake. Na gunia haliegemei ukuta, baba akiacha nafasi mtu apite ubavu ubavu, sie watoto ndo tulikuwa tunatumwa kupita humo na taa kutazama mchwa. Mchwa haji kwa kelele, ule mstari wa udongo mwembamba unaopanda ukutani ndo yeye. Ukiuona kwenye stoo unayotaka kukodi toka, hasa una vitabu. Kabla ya kupokea karafuu alikuwa anaivunja kwa vidole, ikilia "tak" imekauka, isipolia inarudi juani haijali ya nani. Nawe fanya hivyo hivyo kwa vitu vyako. Godoro lianike siku mbili, mazulia yaanike, friji na friza zizime siku tatu kabla, zipanguse, ziache wazi zikauke na utakapoziweka usizifunge mlango, tia kijiti au kitambaa mlangoni upumue. Friji lililofungwa miezi minane likifunguliwa utakimbia.

Na usifunike kwa nailoni. Watu wanafunga samadari kwa nailoni kama maiti, unyevu unabaki ndani unaila mbao. Funika kwa shuka kuukuu au kanga zilizochoka, vumbi halipiti na hewa inapita. Ndani ya masanduku tia karafuu kavu kwenye kitambaa, nguo zinanukia na wadudu hawapendi, si kwa sababu ni Mpemba nnaekuuzia 😄. Mkaa mkavu kwenye ndoo zisizofunikwa unasaidia unyevu, ubadilishe kila unapokwenda.

Maana lazima uende. Stoo isiyofunguliwa miezi minane si stoo. Mara moja kwa mwezi, asubuhi ya jua, fungua milango kwa muda wa saa mbili hivi hewa ipite. Siku ya mvua usifungue.

Mama Pacha

Karafuu kavu pia inafukuza jamaa wanaoazima? Nauliza tu.

Sheria Barazani

Mnaongea kufuli na karafuu na hakuna aliyeuliza uwanja ni wa nani. Dada, kabla ya kutazama tundu za kontena uliza hilo.

Nikupe kisa cha kwangu, pahala sitaji. Nilikuwa na mali ya duka, viti na meza za mkahawa nilioufunga, nikakodi stoo kwa mzee mmoja mtu mzuri sana, mkataba wetu ulikuwa mdomo na chai. Nalipa kila mwezi, ananipa mkono, hakuna risiti. Mzee akafariki, Mungu amrehemu. Arubaini haijafika warithi wakagombana, mmoja akaja akafunga geti kubwa kwa mnyororo wake akasema hakitoki kitu hapa mpaka mirathi igawiwe. Vitu vyangu vimo ndani! Na mie naonesha nini kuwa ni vyangu? Sina karatasi. Mrithi mwengine akadai meza zilikuwa za baba yao. Nimekwenda na kurudi miezi mitano. Nilizipata mwisho, kwa sababu nyuma ya kila kiti nilikuwa nimeandika kwa rangi jina la mkahawa, na kwenye picha za ufunguzi vilionekana viti vile vile.

Kwa hiyo: kwanza, ardhi ni ya nani, na huyo anaekukodisha ni mwenyewe au nae kakodi? Makontena mengi yako kwenye viwanja vya watu wengine, yeye kakodi uwanja, akigombana na mwenye uwanja geti linafungwa na wewe umo. Nenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa ule, salamu, mueleze, yeye anajua kila uwanja una kesi gani. Pili mkataba uandikwe, mashahidi, na sheha asaini. Ndani yake iwemo bei na miezi, nani ana ufunguo, unaweza kuingia saa ngapi, notisi ya kukutoa ni muda gani (usikubali wiki moja, utahamisha vipi), na akifariki au akiuza uwanja warithi na mnunuzi wanaheshimu mkataba. Weka nakala ya kitambulisho chake cha Mzanzibari nae aweke yako. Tatu, kila malipo risiti, au lipa kwa simu ibaki kumbukumbu.

Nne andika orodha. Piga picha kila kitu, friji na friza piga ile karatasi ya nyuma yenye namba, masanduku piga misumari na kasoro zake, ule mkwaruzo ndo ushahidi wako. Orodha isainiwe siku ya kuingiza, mwenye stoo na wewe. Na hati ya nyumba, vyeti, pasi za kusafiria, dhahabu ya mama, visiingie stoo hata kwa siku moja. Vikae na wewe au benki.

Fundi Chuma

Hapo kwa sheha umemaliza. Niongeze la moto nililisahau. Tazama ukuta wa nyuma wa uwanja una nini. Kama kuna mwenzangu wa kuchomea (sisi ndo wabaya) au gereji, cheche zinaruka ukuta. Ule mtungi wa kuzimia moto utazame una karatasi ya ukaguzi ya lini, mwengine unaning'inia tu umeshatoka hewa zamani. Gari ya zimamoto inaweza kuingia mpaka geti? Namba yao ni 114, mlinzi muulize ghafla "moto ukitokea unapiga wapi?" Akisema nampigia bosi, basi hapo una kazi.

Ami wa Leicester

Na kamera. Wakijisifu wana kamera uliza mambo mawili, umeme ukikatika zinaendelea? na picha zinakaa siku ngapi? Sie tunaokumbuka ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuamini kitu kinachotegemea waya mmoja wa baharini.

Bint Mkunazini

Jamani Mungu awalipe, nimerudi na habari. Leo jua lilikuwa kali nikachukua kaka tukaenda kote.

Mwanakwerekwe hatukukaa hata dakika tano. Rangi! Kama alivyosema @Mtoto wa Jang'ombe, nyeupe mpya mpaka kiunoni, juu manjano ya zamani. Nikaenda dukani mbele nikanunua soda, nikauliza maji yanafikaga wapi, mzee akanionesha kwa mkono kwenye mlango wake, akacheka.

Fuoni nikaingia kontena wakanifungia, kaka yuko nje anapiga hodi kunitisha. Kontena la kwanza waliloninadia, jekundu, nikahesabu nyota saba. Saba! Yule kijana anasema "hizo ndogo dada." Nikamwambia nioneshe jengine. La tatu kutoka mwisho, liko chini ya mwembe, kiza totoro, harufu hamna ila ya mbao, mipira ya mlangoni laini. Nati hazikuchomewa. Nikamuonesha, akashangaa mwenyewe, akasema hakuna mtu alishawahi kuuliza. Majirani pande mbili ni vyombo, wa nyuma ni ukuta wa skuli, hakuna gereji. Daftari la getini hamna ila mlinzi, mzee wa makamo, nilipomuuliza la moto akajibu mia na kumi na nne bila kufikiri, nikampenda hapo hapo.

Kwa sheha tukaenda, kiwanja ni cha mwenyewe, cha kununua, hakina kesi, anaekodisha ni mwanawe. Sheha kakubali kusaini mkataba. Tumeshushiana bei mpaka laki na sitini kwa sharti nilipe miezi minne kwa mkupuo, kaka anasema nisilipe minne, nilipe miwili, mie naona bei itarudi juu. Hapa mnanishauri vipi?

Na kwa mjomba bado hatujamwambia mama.

Sheria Barazani

Lipa miwili miwili. Tofauti ya elfu ishirini ni bei ya kutokuwa na pesa zako mikononi mwa mtu. Au lipa minne lakini iandikwe ukihama kabla anarudisha iliyobaki, akikataa kuandika ushapata jibu.

Fundi Chuma

Mwembe ni kivuli kizuri ila msimu wa embe zinadondoka juu ya bati na majani yanaziba na kuozesha rangi, mvua ikakaa hapo ikala chuma. Muambie mlinzi apande na fagio kila Ijumaa umpe cha soda. Nati nitakuja Jumamosi asubuhi nikuchomee, nilipe nauli ya Vespa tu.

Mama Pacha

Mjomba muambieni mmepata bure kwa rafiki. Mungu atasamehe.

Mpemba wa Wete

@Mama Pacha laa, usimfundishe uongo. Bint, muambieni mjomba samadari na vitabu vinataka paleti na hewa na yeye banda lake lina kuku. Ni kweli au si kweli?

Bint Mkunazini

Kweli tupu, kuku na bata pia 😂. Mama kakubali, kasema vitabu vya baba havilali na bata.

Basi tunahamisha Jumapili inshaallah. Tutalipa miwili. Limebaki moja, gari haiingii uchochoroni kwetu, kenta itasimama Darajani na vyote lazima vitoke kwa rikwama, na samadari haitoki mlangoni bila kufunguliwa, mara ya mwisho ilifunguliwa bibi alipoolewa. Anaejua hamali waangalifu, wanne hivi, na fundi seremala mtu mzima anaejua hizi samadari za zamani zinafunguliwa wapi, aniandikie pembeni. Misumari na skurubu zake nitazifunga kwenye soksi nizifunge kwenye mguu wa kitanda, hilo nshajifunza peke yangu.